Batri inaonyesha 12 lakini taa za LED zinamulika kama mushumaa

"Jambo mukubwa. Niko Bukavu, huku Kadutu. Nilimutengenezea mama taa kwa atelie yake ya kushona juu kila jioni delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) inamukuta katikati ya kazi na anaharibu macho. Nilinunua tepe mbili za LED, kila moja metre 5, kwa karatasi wameandika 12V, 14.4W kwa metre. Nikaziunganisha moja kwa mwisho wa ingine zikakuwa metre 10, nikazizungusha kwa plafo (dari). Batri ni ya gari, 60Ah, inachajiwa na pano ya jua ya 100W kupitia regulateri ya chaji ya 10A. Batri iko kwa chumba cha nyuma, waya inatembea metre 9, ni ile waya ya bafle (spika) ya 0.75 mm². Kwa mwanzo wa tepe mwanga unaonekana kidogo, mwisho karibu giza, tena rangi imekuwa ya manjano. Nimepima na multimeta taa zikiwa zimezimwa: batri 12.5, mwisho wa waya 12.5, kwa hiyo kuran inafika. Jirani anasema LED ni za bandia. Fundi mwingine anasema niongeze batri ya pili zikuwe 24, ao nitoe zile rezistansi ndogo ndogo zilizo juu ya tepe. Nifanye nini? Franga zimebaki kidogo sana."

Mudogo wangu, kwanza asante juu umeandika kila kitu, metre, waya, batri, mpaka namna ulivyopima, maana watu wengi wananiandikia tu "taa haziwaki vizuri" halafu inabidi niulize wiki nzima. Na pole kwa mama, kupitisha uzi kwa sindano katika giza hiyo ni mateso, nitajibu nikiwa namufikiria yeye.

Nianze na kile ambacho usifanye, hata kama fundi huyo ni rafiki yako. Usiunganishe batri mbili zikuwe 24. Na usitoe hata rezistansi moja. Taa zako zinaonekana zikiwa na njaa, na mutu mwenye njaa haumupi sumu ndiyo ashibe. Ukipeleka 24 kwa tepe ya 12, hizi LED za karibu na waya zitawaka vizuri sana kwa muda mufupi, utafurahi, utamuita mama aone, kisha zitaanza kuungua moja moja, na kwa atelie iliyojaa vitenge na vipande vya nguo sitaki hata kufikiria mambo ya moto. Mambo ya rezistansi nitayarudilia kule chini.

Sasa ile 12.5 yako ya mwisho wa waya, hapo njo mambo yote yamejificha. Ulipima taa zikiwa zimezimwa. Multimeta inapopima volti yenyewe haili kitu, kwa hiyo hakuna kuran inatembea ndani ya waya, na waya ambayo hakuna kitu inapita haiwezi kupoteza kitu. Hata ungepima kupitia waya nyembamba kama uzi wa mama ingekuonyesha 12.5 palepale. Ni sawa na kupima nguvu ya mubebaji akiwa amekaa chini bila muzigo, anaonekana yuko fiti kabisa, lakini muwekee gunia la simenti apande nalo ile milima ya Kadutu ndiyo ujue magoti yake iko namna gani. Kwa hiyo hiyo namba haikukudanganya, ila ilijibu swali ambalo haukuuliza.

Ngoja nikueleze kile kinachofanyika ndani ya tepe, juu ukishakielewa utaona kwa nini volti kidogo tu zikipotea mwanga unaanguka vibaya hivyo. Ukiangalia tepe yako vizuri utaona kila sentimita 5 kuna alama ya kukata, na kati ya alama na alama kuko LED tatu. Hizo tatu zimefuatana mustari mumoja, kuran inapita ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mahali fulani njiani kuko rezistansi yao. LED nyeupe moja inataka karibu volti 3 ndipo ianze kazi ya maana. Chini ya hapo haiwaki nusu kama ampule ya zamani, inakuwa karibu imekufa. Tatu mara tatu, karibu 9. Kwa hiyo katika volti zako 12, zile 9 za kwanza ni kama franga za mahali pa kukaa sokoni, unalipa hata kabla haujauza nyanya moja. Biashara yenyewe ni zile 3 zilizobaki, njo zinasukuma kuran kupitia rezistansi na hiyo kuran njo mwanga.

Fanya sasa hesabu. Tuseme njiani umepoteza volti moja na nusu, tepe inapata 10.5. Mutu anasema ni kitu kidogo, nimepoteza sehemu moja ya nane tu. Lakini kwa upande wa biashara ulikuwa na 3, umebaki na 1.5, umepoteza nusu! Mwanga nao unaenda karibu na nusu. Ukipoteza volti mbili, tepe ikibaki na 10, umebaki na kama theluthi moja ya mwanga. Ikifika 9 unaona tu vidoti vinavyong'aa kama macho ya paka usiku, vinaonekana lakini havimuliki kitu. Ampule ya kizamani ya waya ndani haikuwa na kizingiti kama hiki, njo maana mafundi waliozoea ampule wanashangaa mbele ya LED.

Basi volti zako zinapotelea wapi? Naona sehemu tatu, na hazilingani.

Ya kwanza na ambayo ni kubwa ni hiyo waya ya bafle. Metre 9 kwenda, metre 9 kurudi, kuran inatembea metre 18, watu wengi wanasahau kuhesabu kurudi. Waya ya shaba ya 0.75 kwa urefu huo iko na rezistansi ya karibu ohm 0.42, yaani kila ampea moja inayopita inaacha njiani volti 0.4 na kidogo. Sasa tepe zako zinataka ngapi? 14.4 mara metre 10 ni wati 144, gawa kwa 12, ni ampea 12. Hiyo waya haiwezi kamwe kukufikishia ampea 12 na volti zikiwa nzima. Kile kinachotokea ni hiki, tepe inavuta, volti zinashuka, zikishuka tepe inavuta kidogo, wanakutana mahali fulani katikati, na nikipiga hesabu kwa juu juu naona wanakutana kwa kama ampea 5 na volti 10 hivi kwa mwanzo wa tepe. Kwa hiyo hata zile LED zako za mwanzo ambazo unasema zinaonekana kidogo, nazo ziko na njaa, haujawahi kuziona zikiwa zimeshiba. Na hapo nimesema shaba. Chukua wembe, kwangua nywele moja ya hiyo waya, ukikuta nje ni nyekundu na ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inajaa kwa soko, na rezistansi yake inapita ya shaba karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hesabu yangu inazidi kuwa mbaya.

Ya pili ni kuunganisha tepe moja kwa mwisho wa ingine. Ile shaba iliyo ndani ya tepe ni kama karatasi, nyembamba sana, imewekwa ibebe muzigo wa tepe yake tu, metre 5, na hata kwa metre 5 mwisho unakuwa umepoa kidogo. Wewe umeipatia ya kwanza kazi ya kubeba chakula yake na chakula ya mudogo wake. Njo maana mwisho ni giza. Wanaotengeneza hizi tepe karibu wote wanasema usipite metre 5 kutoka mahali waya inaingilia.

Ya tatu ni viungo, pale ambapo umefunga waya na waya. Hauniambii kama ulilehemu ao ulisokota tu ukaweka skochi. Kuna saluni moja ya kusuka kule Nguba niliitwa, taa za kioo zilikuwa zinafifia kila mwezi kidogo, nikabadilisha tepe nzima, mwanga ukawa uleule, nikabadilisha batri, uleule. Nilimaliza siku nzima na franga ya mwenye saluni kabla sijashika kiungo kimoja chini ya skochi na kukuta ni moto mpaka kidole kinaruka. Ndani shaba ilikuwa imekuwa kijani, na unyevu wetu wa huku karibu na ziwa unajua ulivyo wakati wa mvua. Tangu siku hiyo ninapima kwanza ndipo ninunue, na siku hiyohiyo nilimurudishia mwenye saluni franga za tepe juu haikuwa kosa yake.

Kuhusu rangi kuwa ya manjano usihangaike sana. LED nyeupe zikiwa na njaa, macho yetu yanaona joto joto hivyo, zikishiba weupe unarudi. Ila kama zingekuwa zile tepe za rangi tatu, zinazobadilika, ungeona kitu kingine, nyeupe yake mwisho wa tepe ingegeuka kuwa nyekundu ao ya waridi, juu LED nyekundu inatosheka na volti 2 tu lakini ya bluu na ya kijani zinataka 3, kwa hiyo njaa ikiingia bluu na kijani zinalala kwanza. Ukiona hivyo kwa mutu ingine mwambie palepale ni volti.

Na LED za bandia? Ziko, siwezi kukatalia jirani yako, tepe nyingi za bei ya chini hazifikishi zile wati walizoandika. Lakini bandia inafifia sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tepe inayowaka huku na kufa kule inakuambia ni njia, ni mambo ya kufikisha chakula.

Kuna jaribio moja ambalo litamaliza ubishi wote na halikuombi hata franga moja. Kwa ile alama ya mukasi, kata kipande kidogo cha mwisho, chenye LED tatu, kile cha giza kabisa. Beba mpaka kwa batri, na vipande vya waya vifupi vya sentimita 20 kiunganishe moja kwa moja, chanya kwa chanya. Kikiwaka sana, nyeupe, mpaka macho yanauma, basi LED zako ni wazima na jirani ameshindwa. Kikibaki manjano na dhaifu hata hapo kwa batri yenye 12.5, tepe yenyewe ni mubaya ao imezeeka kwa joto, na hapo nitakubaliana naye.

Kisha pima tena, lakini safari hii taa zote ziwake, na uache ziwake dakika kumi kwanza. Multimeta weka kwa DC 20. Pima mahali pane, kwa misumari ya batri yenyewe (si kwa pinsi zinazoishika), kwa mwisho wa waya ya metre 9 pale inaingia tepe, kwa kiungo cha tepe na tepe, na kwa mwisho kabisa. Andika. Kile kitakachopotea kati ya namba ya kwanza na ya pili ni waya yako na regulateri yako, kati ya pili na tatu ni tepe ya kwanza, na kati ya tatu na ine ni ya pili. Kama batri yenyewe inaanguka chini ya 11 wakati inabeba ampea 5 tu, basi batri imechoka, na hata waya ya dhahabu haitakusaidia. Batri ya gari iliyotolewa kwa gari mara nyingi ilitolewa juu ya sababu.

Sasa dawa. Hapa nataka nikuambie ukweli ambao pengine hautakupendeza. Ukitengeneza waya vizuri na metre 10 zote zikashiba, batri yako itakufa. Wati 144 kwa masaa 4 ya jioni ni wati-saa 576. Batri ya 60Ah, yaani ampea-saa 60, kwa volti 12 ni wati-saa 720 kwa karatasi, lakini batri ya gari imetengenezwa kwa kuamsha motere, kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ya kutumia bila kuiua ni kama 360. Na pano ya 100W na mawingu yetu haya, ukipata 300 kwa siku nzuri shukuru. Haiwezekani kutoa 576 kila jioni mahali panaingia 300. Tena regulateri yako ni ya 10A, kama taa zinapitia kwake, 12 zitaipita. Kwa njia fulani hiyo waya mubaya njo imekulindia batri mpaka leo.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Toa tepe kwa plafo. Plafo ni mbali na kazi ya mama, mwanga mwingi unaishia kwa ukuta na kwa vichwa vya wateja. Kata vipande viwili vya metre 2, ubandike kila kimoja chini ya kipande cha alumini, ile ya kona ya dirisha inafaa, juu alumini inanyonya joto na LED isiyopata moto inaishi zaidi, halafu uvishushe mpaka metre moja hivi juu ya mashine na juu ya meza ya kukatia. Hapo uko na wati karibu 58, ampea 4.8, kwa masaa 4 ni 230, pano yako inaweza kurudisha. Na mama ataona uzi mweusi kwa nguo nyeusi, nakuahidi, juu mwanga wa karibu unapita mwanga mwingi wa mbali. Zile metre 6 zinazobaki usiuze, ni akiba yako.

Kila kipande kipate waya zake mbili kutoka batri, usipitishe kimoja kwa kingine. Kwa waya una njia mbili. Kama unaweza kusogeza batri ikae metre 2 ao 3 kutoka kwa mashine, fanya hivyo, hata waya yako ya zamani itatosha kwa vipande vidogo hivi, ni dawa ya bure. Lakini isikae chini ya meza iliyofunikwa na nguo, batri ikichajiwa inatoa gazi inayowaka, inataka hewa, na asidi na kitambaa cha mteja haviendani. Kama haiwezi kusogea, nunua waya ya 1.5 ya shaba ya kweli, jozi mbili, kila moja ikibeba ampea 2.4 kwa metre 9 itapoteza nusu volti tu, hiyo tunavumilia. Ao jozi moja ya 2.5 mpaka karibu na mashine kisha ugawanye kwa domino (kile kiungio cha waya cha skrubu) pale, matokeo ni karibu yaleyale, angalia tu ipi ni bei ndogo sokoni siku hiyo. Viungo vya tepe lehemu, usisokote.

Na fizibu, wengine wanaita fyuzi, ya 10A, kwa waya chanya, karibu kabisa na batri, kabla ya kitu kingine chochote. Hapa sitaki tujadiliane. Batri ya gari waya zake zikigusana inaweza kutoa mamia ya ampea, waya inakuwa nyekundu kama mukaa kwa sekunde chache, na hapo ni nyumba ya nguo. Jozi ndogo za 0.75 ukizibakiza, kila moja uipatie yake ya 5A.

Nilikuambia nitarudilia rezistansi. Sasa umeona kazi yake, zile volti 3 za biashara, njo yeye anaamua zigeuke kuwa kuran ngapi. Ukimutoa, hakuna mutu wa kuhesabu tena, LED ikipata joto inavuta zaidi, ikivuta zaidi inapata joto zaidi, mpaka inaungua. Fundi aliona taa ikiongezeka mwanga kwa dakika chache akafikiri ameponya. Kuna jambo lingine linalofanana na hilo, na hili litakuja baada ya kutengeneza waya: mchana jua likiwa kali regulateri inapandisha batri mpaka 14.4, hapo biashara inatoka 3 inakuwa 5.4, tepe inashiba kupita kiasi na inazeeka mbio. Kwa hiyo mchana mama afungue dirisha, taa ni za jioni. Akizihitaji mchana kila siku, tafuta kile kifaa kidogo kinachopandisha na kushusha volti na kinashikilia 12, lakini kinachoweza vyote viwili, juu kile cha kushusha peke yake batri ikifika 12 kinaanza tena kukupokonya.

Kuna mambo ambayo usiyafanye peke yako kwa kusoma maneno yangu. Ukishika waya ao kiungo na kikawa moto wa kuunguza, ukisikia harufu ya plastiki, batri ikivimba pembeni ao ikitoa harufu ya mayai yaliyooza, zima, toa waya hasi kwanza, na uite elektrisien aje aone kwa macho. Na siku utakapotaka kuchanganya hii na kuran ya SNEL, ile kampuni ya umeme, kuweka shaja ya 220 ao konvertisere (kifaa kinachogeuza 12 kuwa 220) kwa hiyo hiyo batri, hiyo siku usiguse bila mutu aliyefanya kazi hiyo mbele yako, 12 inakusamehe lakini 220 haisamehe.

Anza na kile kipande cha LED tatu leo jioni, inachukua dakika tano. Halafu unitumie zile namba ine, na uniambie wembe ulikuta rangi gani ndani ya waya.